Wajitoleaji wa Wodi ya Siku Saba

1

Karatasi ilikuwa pana kuliko meza ya Mama Sayuni, kwa hiyo tuliitandaza sakafuni, juu ya mkeka, tukaibana pembeni kwa vikombe vitatu na kiatu changu kimoja. Ingawa ilikuwa saa nne asubuhi, alilazimika kuwasha taa ili aone nilichochora. Kata ya Ikungula iko juu sana, na mwezi wa Juni jua hulifikia dirisha pale tu linapojisikia.

"Hii ndiyo kazi waliyokutuma?" aliniuliza. "Visanduku na mishale?"

"Ndiyo hii, mama."

"Mwanangu alikuwa akichora hivi darasa la pili. Ila yeye alipaka rangi."

Jina lake la kwenye daftari la kliniki lilikuwa Twilumba Mgaya, umri miaka hamsini na mitatu. Alikuwa ameugua kikohozi cheupe mara mbili, akapona mara mbili. Huo ni ugonjwa wa kuvu inayoota ndani ya mapafu; ulipanda nyanda za juu nilipokuwa bado shuleni, na haukushuka tena. Kila mtu anapopona, mapafu yake hubaki na nafasi ndogo kuliko ya awali. Anayeugua mara ya tatu tunamtibu, lakini hatumtajii tarehe ya kurudi nyumbani.

Dawa ipo. Ni matone, asubuhi na jioni, kwa siku mia moja na themanini. Ni machungu, yanaondoa hamu ya chakula, na kufikia mwezi wa pili mgonjwa hujiona mzima akayaacha. Zamani walikuwa wakimaliza wanne kati ya kumi. Kisha ukaja mradi wa usindikizaji. Mgonjwa akisajiliwa hupewa kifaa chenye ukubwa wa kipande cha sabuni, kilichofungwa kwenye chupa ya dawa. Akifungua chupa, kifaa husema naye kwa robo saa kwa sauti ya marehemu wake, sauti iliyoundwa kutokana na jumbe alizowahi kuacha kwenye simu. Kinamsalimu, kinamjibu, kinamgombeza akiruka dozi. Kabla ya kukipokea husomewa fomu inayosema wazi kwamba hii ni mashine. Wote waliweka kidole gumba. Na wote, bila kuambizana, wakakiita kifaa hicho "mtu wangu". Tangu hapo wanamaliza dawa tisini na saba katika kila mia.

Kwa hiyo sikutumwa kuuliza kama mradi unafanya kazi. Nilitumwa kuuliza unafanya kazi kwa njia ipi, kwa nani, na katika mazingira gani. Ukimkuta mtu amefika bila kujua alipita wapi, huwezi kumwelekeza mwingine. Ndiyo maana sisi tunaotathmini kwa nadharia huanza na mchoro: hatua hii inaleta ile, ile inaleta nyingine, na kila mshale ni dai linalopaswa kuthibitishwa au kufutwa. Na mahojiano yetu huenda kinyume na mengine. Hatumwulizi mtu anafikiri nini. Tunamweleza tunachofikiri sisi, halafu tunamwomba atukosoe.

Nilimsomea huku nikifuata kwa kidole. Mgonjwa anasajiliwa, anapewa sauti. Sauti inamwondolea upweke. Asiye mpweke anakunywa matone. Anayekunywa matone anapona. Waliopona wanajitolea kuwahudumia wagonjwa wapya.

Kisanduku hicho cha mwisho nilikipenda kuliko vyote. Hakikuwamo katika nadharia ya awali; nilikigundua mwenyewe. Wagonjwa wapya hulazwa siku saba katika wodi ya peke yake, maana ni katika siku hizo ambapo pumzi yao inaambukiza. Wauguzi wako wawili tu. Lakini kila asubuhi nilikuwa nikiwakuta humo watu waliokwisha kupona, wakiosha, wakilisha, wakigeuza migongo. Katika ripoti ya awali niliandika kwamba mradi umezaa mshikamano ambao hakuna aliyeupanga. Aya ile ilisomwa mkutanoni kwa sauti.

Mama Sayuni alitazama karatasi kwa muda mrefu.

"Hapa umekosea," alisema, akigusa kisanduku cha mwisho.

"Hamjitolei?"

"Tunajitolea. Nani alikwambia hatujitolei? Ila huo mshale umeuacha unaning'inia, kama vile mtu akishapona anayeyuka. Urudishe."

"Uende wapi, mama?"

Alilamba kidole, kama anayetaka kufungua ukurasa, akakiburuta taratibu juu ya karatasi yote hadi mwanzo kabisa. Alama ya unyevu ikabaki hapo. Kidole chake kilikuwa kimesimama juu ya maneno *anasajiliwa, anapewa sauti*.

Sikuelewa mara moja. Mtu aliyesoma sana huchelewa katika mambo ya aina hii.

"Mama," nilimwuliza hatimaye, "ukiwa wodini unavaa barakoa?"

"Navaa." Aliinua kikombe kimoja, akanywa, akakirudisha penye kona yake. "Muuguzi Kaduma akipita."

Taa ilikuwa ikivuma kidogo. Yeye ndiye aliyeendelea, kwa sauti ileile ya kuzungumzia rangi na michoro.

"Ukipona wanamchukua mtu wako. Wanasema anawekwa ghalani miaka miwili, huenda ukaugua tena. Miaka miwili ikiisha bila wewe kurudi, wanamfuta. Sayuni wangu anafutwa tarehe thelathini. Leo ni kumi na tisa."

"Mara ya pili uliugua lini?"

"Unataka tarehe, au unataka kujua kama nilifanya makusudi?"

Nilifunika kalamu yangu.

"Ulisema haya maneno hayatoki humu ndani," alisema.

"Nilisema."

Nilikuwa nimesema pia sentensi iliyofuata: isipokuwa maisha ya mtu yakiwa hatarini. Nilikuwa nimeisoma kwa ile kasi tunayoitumia kusoma mambo tunayotumaini hayatahitajika.

2

Mchana huo niliomba madaftari mawili katika ofisi ya wodi: la wajitoleaji na la ugonjwa uliojirudia. Kwa miaka minne nilikuwa nimeyasoma kila moja peke yake. Halikunijia wazo la kuyaweka pamoja, kwa kuwa moja lilikuwa chini ya kichwa cha faida na jingine chini ya kichwa cha mazingira. Waliougua tena tulikuwa tumewaelezea kwa baridi na mwinuko, na maelezo hayo yalikubalika kwa kila aliyewahi kulala usiku mmoja Ikungula.

Wajitoleaji wote tangu mwanzo walikuwa thelathini na mmoja. Kumi na tisa walikuwa wameugua tena. Niliandika kando ya kila jina tarehe ambayo sauti yake ingefutwa, kisha tarehe aliyougua. Wote kumi na tisa waliugua ndani ya siku tisini za mwisho. Hakuna hata mmoja aliyeugua mapema zaidi. Baridi haijui kalenda ya mtu. Wanne walikuwa wamekufa.

Nilimpigia Daktari Shemdoe, mkurugenzi wa mradi, mtu mpole ambaye alinifundisha kazi hii na ambaye hajawahi kunikatiza ninapoongea. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Kumi na tisa kati ya elfu sita waliopona," alisema.

"Kumi na tisa wa wodi moja, Daktari. Wodi zipo kumi na nne, na kila moja ina wajitoleaji. Tumewasifu wote."

"Basi unapendekeza nini?"

"Sauti isifungwe na ugonjwa. Mtu akipona, abaki nayo."

Nilisikia kiti chake kikilia.

"Nakijwa, tufikiri kwa utaratibu. Tukimpa mzima sauti, mgonjwa atakunywa matone kwa ajili ya nini?"

"Kwa ajili ya kupona."

"Hiyo tulikuwa nayo zamani. Wanne kati ya kumi." Aliniacha nihesabu. Sita waliobaki, kwa kila kumi, kwa miaka yote ile. "Na nikisimamisha vifaa leo ili tuchunguze, nina watu elfu nne walio katikati ya dawa. Utawaelezaje?"

"Basi sauti moja tu. Iongezewe muda."

"Ya nani?"

Nilifunika daftari la wajitoleaji kwa kiganja.

"Ukiokoa moja, kesho watakuja mia nne. Na utawaambia huyo wa kwanza alifanya nini hata akastahili? Sheria ya kufuta si yangu, ni ya kulinda taarifa za watu. Na ile ya kurudisha kifaa mtu anapopona..." Hakumalizia. Hakuwa mtu wa kumchoma mwenzake.

Nilimalizia mwenyewe moyoni. Nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho nilipochora nadharia ya kwanza ya mradi huu, na ni mimi niliyeandika: *kifaa kirudishwe mgonjwa anapopona, ili kupona kuwe na mwisho unaoonekana.* Msimamizi wangu aliweka alama ya vema pembeni ya sentensi hiyo. Msimamizi wangu alikuwa Daktari Shemdoe.

"Chukua wiki mbili uhakikishe," alisema. "Wodi nyingine mbili, kwa utaratibu uleule. Kisha tuandike bila woga."

"Kuna mtu hana wiki mbili."

"Kuna watu elfu nne," alisema kwa upole, "nao pia wana majina."

Baada ya simu nilirudi kwenye sampuli. Miaka miwili iliyopita nilikuwa nimesikiliza mazungumzo arobaini kati ya wagonjwa na vifaa vyao, yakiwa na namba badala ya majina, ili kuona kama kifaa kinasema kilichokusudiwa. Sasa nilikuwa na tarehe, kwa hiyo haikuchukua muda kumpata Sayuni. Alikuwa namba ishirini na saba. Nilimsikiliza mara tatu, kisha nikavua vipokea sauti na kutoka nje. Nilitembea hadi kwenye shamba la pareto nyuma ya wodi, nikasimama katikati ya maua, nikiwa na hisia kwamba kuna aliyeniita nami nimemwacha bila kumwitikia.

3

Muuguzi Otmary Kaduma alikuwa akisukuma kitoroli cha mashuka.

"Dakta. Leo umekuja kuhesabu au kubeba beseni?"

"Kubeba."

"Basi Mungu ni mwema. Chukua hilo."

Ilikuwa tarehe ishirini na mbili. Kwa siku tatu nilikuwa nikijiambia kwamba ninathibitisha. Niliandika nani anaingia, saa ngapi, anakaa kitanda gani. Niliyaita maandishi hayo uchunguzi wa moja kwa moja. Wagonjwa walikuwa ishirini na wawili, wauguzi wawili, wajitoleaji wanane. Mama Sayuni alikuwa kitanda cha sita, akimlisha uji binti mmoja aliyelazwa juzi yake. Barakoa ilikuwa imeshuka shingoni. Uso wake ulikuwa karibu na wa binti yule kama mtu anayenong'onezwa siri, na kila binti alipokohoa, yeye hakugeuka.

Lakini lazima niseme pia jambo la pili nililoliona, maana lilikuwa kweli sawasawa na la kwanza. Binti yule alikuwa amekataa kula tangu alipofika. Kwa mkono wa Mama Sayuni alimaliza bakuli zima. Mama Sayuni alimfuta midomo, akamwambia kitu, na binti akatabasamu huku macho yakiwa yamefumbwa.

Nilimvuta Kaduma kando, kwenye chumba cha kuchemshia vyombo.

"Wajitoleaji wasiingie tena wodini," nilisema. "Kuanzia leo."

"Niwaondoe? Halafu hawa ishirini na wawili niwalishe kwa redio?"

"Wanaugua tena, Kaduma."

"Hapa watu wanaugua, ndiyo maana ni hospitali."

"Wanaugua kwa kutaka."

Hakustuka. Alichukua koleo, akatoa bakuli moja kwenye maji yanayochemka, akaliweka juu ya kitambaa, akatoa la pili. Nilielewa kabla hajafungua mdomo.

"Ulijua," nilisema.

"Tangu yule wa nne." Bado alikuwa akitoa mabakuli. "Wa kwanza nilidhani uzembe. Wa pili nilimgombeza kuhusu barakoa. Wa nne alikuwa mwalimu mstaafu, mtu makini, anayenawa hadi kwenye viwiko. Huyo hakuwa mzembe. Nilimtazama, akanitazama, tukaelewana. Mimi nina mikono miwili, Dakta. Mwenzangu naye ana miwili. Niliomba watu kumi, nikaletewa bango la kusifu wajitoleaji. Lile lenye maneno yako."

Bango lilikuwa ukutani nyuma yangu. Sikugeuka kulitazama.

"Na sasa?" niliuliza.

"Sasa umelisema kwa mdomo. Lilipokuwa halijasemwa, niliweza kuwa sijui." Alijifuta mikono polepole, kidole kimoja kimoja. "Nenda kawaambie wewe. Mimi nitafunga mlango."

Walitoka bila ubishi, na hilo ndilo lililoniumiza. Watu wasio na hatia wangeuliza sababu. Wanane wale walivua aproni, wakatundika, wakapita mbele yangu mmoja mmoja. Mama Sayuni alikuwa wa mwisho. Aliikunja aproni yake mara mbili, kisha mara ya tatu, akaniwekea mikononi.

"Umenisema," alisema.

"Sikutaja jina, mama."

"Wewe ni msomi. Usijifiche nyuma ya jina."

Tulimpima makohozi siku hiyo, na tena siku ya tano. Hakuwa na ugonjwa. Nilipomwambia majibu ya pili, alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa basi limeshaondoka. Kisha akaniuliza, kwa heshima kabisa, kama naweza kuandika kwamba anao ugonjwa. Alikuwa tayari kunywa matone yote ya siku mia moja na themanini, yakiwa machungu vilevile, ilhali yeye ni mzima. Hatakosa hata moja. Nilimwambia siwezi. Alisema alijua, ila aliona ni vizuri aulize, asije akajilaumu baadaye.

Wiki ile wagonjwa wawili walikufa wodini. Binti wa kitanda cha sita alikuwa mmoja wao. Wanafunzi wa shule ya uuguzi waliletwa kusaidia tarehe ishirini na nane, baada ya mimi na Kaduma kuandika barua ambayo haikuwa na adabu sana. Sijui kama wawili wale wangekufa hata hivyo. Nimefundisha somo la kulinganisha kilichotokea na kile ambacho kingetokea. Najua mbinu zake zote. Hakuna hata moja inayoweza kunionyesha wiki ile ikiwa na Mama Sayuni kando ya kitanda.

Ripoti niliituma tarehe ishirini na tisa, bila kungoja wiki mbili. Niliandika mshale wote, kutoka mwisho hadi mwanzo, na chini yake nikaandika nani aliyeuacha nje. Daktari Shemdoe alinijibu kwa mstari mmoja: ameipokea, ameisoma, na ataipeleka mbele kama ilivyo. Baadaye nilisikia kwamba wameunda kamati.

4

Tarehe thelathini nilikwenda kwa Mama Sayuni saa tano na nusu. Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, ungo magotini, akipukuchua maharage.

"Kamwene, mama," nilimsalimu kwa salamu ya kwao.

Hakuitikia, lakini alisogeza kigoda cha pili kwa mguu. Nilikaa, nikachukua maganda kutoka kwenye rundo. Tulifanya kazi. Yeye alikuwa mwepesi, ganda moja kwa kidole gumba kimoja. Mimi nilikuwa nikihangaika.

"Wanamfuta saa ngapi?" aliuliza.

"Saa sita kamili."

"Kuna kelele?"

"Hakuna. Ni mashine iko mbali, mama. Hata aliye karibu nayo hasikii kitu."

"Na zile mlizosikiliza nyie? Za utafiti?"

"Nazo pia. Saa hiyohiyo."

Hakuuliza tena. Saa sita ilifika. Najua kwa kuwa kengele ya shule ilipigwa na watoto wakaanza kupiga kelele za kwenda kula. Nilimtazama. Alikuwa akitafuta maharage mabovu kwenye ungo, akiyatupa kwa kuku. Aliendelea hivyo mpaka ungo ukawa safi, kisha akaujaza tena.

"Wewe ulimsikia," alisema. Halikuwa swali.

"Nilimsikia. Mazungumzo ya siku moja."

"Alikuwa anasema nini?"

Nilikuwa na sababu nyingi za kutojibu, na baadhi zimeandikwa katika mwongozo niliouandika mimi. Lakini kitu chenyewe kilikuwa kimeshafutwa, na mtu pekee aliyebaki nacho nilikuwa mimi.

"Alisikia unapika. Akasema, Mama, umeweka chumvi mapema tena."

Alisimamisha mikono.

"Hapana. Hakuwa anasema 'mama' hivyo. Wewe unaisema kama karani. Yeye alikuwa anaikata mwanzo, halafu anaiburuta."

"Mama," nilisema.

"Chini kidogo. Alikuwa na kifua cha baba yake."

Nilirudia. Akanirekebisha mwendo. Nikarudia tena, na safari hii nilifumba macho, kwa kuwa nilikuwa nimemsikiliza mara tatu na sauti ile ilikuwa bado ipo mahali fulani nyuma ya sikio langu. "Mama, umeweka chumvi mapema tena."

Nilihisi koo langu limekaa mkao usio wangu. Mama Sayuni alikuwa ameinama juu ya ungo, na alipojibu hakunijibu mimi.

"Nimeweka kidogo tu."

Nililijua neno la Sayuni lililofuata. Ningeweza kusimama, kuaga, na kuteremka hadi kwenye gari lililokuwa likiningojea barabarani. Nilibaki nimekaa.

"Kidogo kwako ni kiganja," nilisema.

Alicheka, kicheko kifupi cha mtu aliyekuwa akilitarajia jibu hilo, akachukua ganda jingine na kungoja. Katika mazungumzo namba ishirini na saba zilikuwa zimebaki sentensi sita.